Ramani ya Jina Letu

Jina lenyewe sitaliandika. Tulio nalo ni wachache mno, na mzee nitakayewahadithia ndiye aliyejulikana nalo kuliko sisi wote. Nikiliandika hapa nitakuwa nimemtaja, na sikumwomba ruhusa. Nitamwita Prof, kama avenyu nzima ilivyomwita, ingawa alikwisha kuacha kufundisha jiografia nikiwa bado sekondari. Inatosha mjue kwamba ni jina ambalo ukilitaja Bukavu mtu anakuangalia mara ya pili. Huku kwetu ukisikia jina la mtu unajua tayari kabila lake, ni Mushi, ni Mulega, ni Muhavu au Mufulero, na unajua umsalimie kwa lugha gani. La kwetu halikumwambia mtu kitu. Nikienda kujiandikisha mahali, karani anainua kichwa na kuniuliza liko la wapi, na mimi tangu utoto nilijibu kitu kimoja: muulize Prof.

Prof alikuwa na jibu. Alikuwa na jibu refu, na ole wako kama ulikuwa na haraka. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu kwenye mteremko wa Kadutu, kiasi kwamba maji ya kufulia tuliyoyamwaga yalipita mbele ya mlango wake, na kila alipopanda kutulalamikia maji aliishia kutuhadithia jina. Mama alikuwa akisema afadhali kubeba maji machafu mpaka barabarani kuliko kusikiliza tena habari za watoto sita wa babu. Lakini alimpikia chai hata hivyo, na Prof aliinywa yote.

Kila asubuhi alisikiliza redio, matangazo ya vifo tu. Habari za serikali hazikumhusu, mpira haukumhusu. Aliketi na daftari gotini na penseli sikioni, na wakianza kusoma majina ya marehemu, mtu asithubutu hata kukohoa. Jina letu likitajwa, pengine mara moja kwa mwaka, aliandika: nani, wapi, maziko ni kwa parokia gani. Siku moja nilimkuta akiandika huku machozi yanamtoka, nikamwambia apumzike kwanza. Akanijibu alivyojibu siku zote: "Unaandika kwanza, unalia nyuma." Kisha akapiga pasi suruali na kwenda kulilia mtu asiyewahi kumwona.

Alifika kwenye vilio hivyo peke yake, na koti lake la kahawia na mwavuli, hata wakati wa jua kali. Wakimuuliza yeye ni nani, alijibu, "Miye wa jina." Basi. Watu wetu wana heshima, walimpa kiti. Kwenye kijiji cha Miti alilia kwa sauti kubwa hivi kwamba mjane alishtuka, akadhani mume wake alikuwa na mtoto mwingine huko mjini. Vijana wa marehemu wakamvuta Prof nyuma ya nyumba, wakamuuliza kwa upole anadai kipande gani cha kiwanja. Alihadithia kisa hicho bila kucheka. Mimi nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole, maana mimi ni mshonaji na wakati huo nilikuwa nambadilishia bitana ya lile koti.

Mwaka wa uchaguzi ulikuwa sikukuu yake. Wengine wote tunaenda mbele ya zile karatasi zinazobandikwa kwenye kuta za shule, tunatafuta jina letu, tunajua tutapigia kura wapi, tunarudi nyumbani. Yeye alibeba kigoda. Alianza karatasi ya kwanza, kidole kwenye kila mstari, mpaka ya mwisho, kisha shule ya pili, kisha kata ya pili. Alipomaliza mji akaenda vijijini, kwa gari ikipatikana na kwa miguu isipopatikana. Mumosho walimchukulia kuwa mpelelezi wa chama fulani wakamfukuza. Akarudi kesho yake na barua ya padri. Lwiro walimpa kiti chenye mgongo na mahindi ya kuchoma, na tangu siku hiyo alisema watu wa Lwiro ndio wenye adabu kuliko wote wa mkoa huu.

Vyote alivyopata vilikwenda kwenye ramani. Alikuwa amebandika kalenda kubwa za zamani ubavu kwa ubavu, mgongo mweupe mbele, akachora kwa mkono wake ziwa, mto Ruzizi, milima, barabara, na kila mtu wa jina letu akamwekea nukta ya biki nyekundu. Ramani hiyo niliijua kabla sijaijua ya Congo. Nukta hazikutawanyika ovyo. Kulikuwa na fungu Lwiro, fungu Miti, fungu Mumosho, halafu zilivuka milima zikatokea Mwenga, na chache za mwisho zilikuwa kwenye njia ya Shabunda. Kutokana na nukta hizo Prof alitunga historia nzima. Babu mmoja, kwa maelezo yake, alitoka upande wa ziwa akiwa na watoto sita, njaa ikawatenganisha, kila mmoja akaenda na jina. Sisi sote ni wa hao sita. Ungemuuliza aliyajuaje ya njaa, angekuambia kwamba mtu hahami bila njaa.

Jambo moja kwenye ramani lilinipendeza kuliko yote. Kando ya kila fungu la nukta, kwa herufi ndogo za mwalimu, alikuwa ameandika: karibu na dispansari. Lwiro, karibu na dispansari. Mumosho, karibu na dispansari. Niliwahi kumuuliza maana yake, naye akajibu kwa majivuno kwamba watu wetu ni watu wa akili, hawajengi mbali na dawa. Nilikwenda shuleni nikawaringia wenzangu kwamba kwetu hatuogopi sindano. Na mimi nilikuwa nalia hata kabla muganga wa dispansari hajafungua mfuko wake.

Kuna neno lingine lazima niliseme, maana bila hilo hamtamwelewa. Prof hakukosea kamwe. Namaanisha kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akikiri. Mwanafunzi wake wa zamani alinihadithia jinsi Prof alivyoteleza ulimi siku moja akasema Ruzizi inaingiza maji ziwani. Mtoto mmoja akainua mkono, kwa sababu kwao ni karibu na daraja na kila siku anaona maji yakitoka. Prof akawasimamisha wote, akawateremsha kwa mistari miwili mpaka kando ya mto. Akaangalia maji yanavyoondoka ziwani kwenda zake. Akaangalia sana. Mwisho akasema, "Sasa munaona namna inatoka," akawarudisha darasani, na somo likaendelea.

Mke wake alifariki bila kumwachia mtoto, na ndugu wa tumbo moja hakuwa naye. Watu wakimhurumia kwa hilo aligonga ramani ukutani kwa fundo la kidole na kusema familia yake iko pale. Hakuwa anatania. Baba yangu alipofariki, Prof alifika kwetu na kiti chake kabla hata baba wadogo hawajafika, akaketi siku zote za kilio karibu na mlango kama mtu wa ndani. Mimi aliniita dada mudogo. Angeweza kuwa babu yangu, lakini kwa hesabu ya ramani tulikuwa kizazi kimoja, na hesabu ya ramani haikubishiwa. Nilimpenda, niseme wazi, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma vile.

Nilipata mchumba. Ni fundi wa cherehani, alikuja kunitengenezea mashine iliyokuwa inakata uzi, akarudi kuangalia kama bado inakata, akarudi tena wakati haikati chochote. Alikuwa Mulega wa Mwenga, mtu mpole, anayesikiliza mashine kabla ya kuifungua. Kwenye avenyu tulimwita kwa jina lake la ubatizo. Lile jina la pili nililiona kwenye kadi yake ya uchaguzi siku aliyonionyesha picha yake mbaya ili nicheke. Nililisoma mara mbili. Lilikuwa letu.

Nilinyamaza. Naungama hapa, nilinyamaza karibu mwaka mzima. Yeye hakuona neno, kwao hakuna Prof. Lakini mimi nilijua mambo mawili. Nilijua kwamba kwetu watu wa damu moja hawaoani hata kama damu hiyo ni ya zamani za zamani, na kwao pia ni hivyo hivyo. Na nilijua ramani. Nilijifariji kwamba jina likikaa limefichwa mpaka siku ya mahari, familia zitakuwa zimekwisha kuzoeana.

Siku ya utambulisho, familia yake ilipokuja kwetu mara ya kwanza, sebule ilijaa. Upande wetu alikuwapo tonton, mdogo wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na Prof akiwa mzee wa heshima, na lile koti nililolibadilishia bitana. Desturi ni kwamba msemaji wao anasimama na kutaja kijana anayeomba, jina lake lote, na la baba yake. Msemaji akasimama, akataja. La baba na la mwana lilikuwa moja.

Prof aliruka kutoka kitini. Sijawahi kumwona na furaha ile. Alimkumbatia mchumba wangu, akamshika mabega, akamgeuza kwa watu wote wamwone. "Huyu iko wa kwetu," akasema. "Mwenga! Nukta za Mwenga! Huyu iko mutoto wa nyumba." Alikuwa na machozi. Alimwita ndugu. Halafu akaniangalia mimi, bado anacheka, akanyoosha mkono kuniita nije nimsalimie ndugu yangu.

Tonton akaweka glasi mezani. Tonton mwenyewe, ili mjue, hana hilo jina, alipewa lingine kama watu wengi wa hapa wanaozaliwa tumbo moja na kuitwa kila mtu la kwake. Lakini alisema kwa ukali kwamba jina adimu namna ile haliokotwi njiani, ni babu mmoja anayerudi kwa wajukuu, na Prof amethibitisha. Wazee wa Mwenga wakaangaliana. Wakasema na wao hawatoi kijana wao kumuoa dada yake. Waliondoka bila kula. Sufuria za mama zilikuwa bado motoni.

Nilimkasirikia Prof kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Siku ya kwanza alipopanda kwetu sikumfungulia. Ya pili nilikuwa kwenye mashine, nikaendelea kukanyaga. Siku ya tano nilisimama nikamwambia yote, kwamba daftari lake limenivunjia ndoa, kwamba mimi si nukta, kwamba angekaa na maiti zake za redioni. Mama alinivuta mkono, lakini nilikuwa nimekwisha kusema. Prof alikunja mwavuli wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Tunaenda Mwenga," akasema. "Tutatafuta pahali matawi inakutana. Kama iko mbali sana juu, bazee banaweza kukubali."

Nilikubali kwa sababu sikuwa na kingine. Barabara ilikuwa bado inapitika, yaani siku mbili kwenye gari la jipu, na mara tatu tulishuka tukasukuma kwenye tope. Prof hakulalamika, alisukuma na yeye, ramani ikiwa imekunjwa ndani ya plastiki chini ya koti. Kila tuliposimama aliwauliza wanaume waliokaa kando ya njia kama wanamjua mtu wa jina hilo. Mimi niliomba Mungu wasimjue.

Mchumba wangu alitutangulia, akatupokea. Wazee wa kwao walitukalisha uani, na Prof akatandaza ramani juu ya mkeka, akaweka jiwe kila pembe. Akaanza: babu, watoto sita, njaa. Wale wazee walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema ndiyo, hata yeye alisikia kuna babu aliyekuja kutoka ziwani. Mwingine akaongeza kwamba alikuwa mrefu. Wa tatu akakumbuka kuwa alikuwa na mbwa. Nikaona ndoa yangu inazikwa kwa ushirikiano, kila mtu na koleo lake.

Bibi yake mchumba wangu, tuliyemwita Koko, alikuwa ameketi pembeni anamenya karanga. Hakuna aliyemkaribisha kwenye mazungumzo wala yeye hakuomba. Waliposema habari ya mbwa alianza kucheka, kicheko cha pole pole kinachotikisa mabega, mpaka karanga zikamwagika. Mwanawe mmoja akamwambia anyamaze, wageni wanaongea mambo ya ukoo.

"Ukoo gani?" akasema Koko. "Iyo jina miye njo niliipatiya mutoto. Iko ya muganga."

Prof akamuuliza muganga yupi. Koko akafuta mikono kwenye kitenge na kutueleza. Mtoto wake wa kwanza, huyo baba wa mchumba wangu, alikataa kutoka, siku mbili nzima, na wanawake waliokuwa naye walikwisha kuanza kulia. Basi wakamwita muganga wa dispansari. Akaja kwa miguu kwenye mvua, mtu mrefu, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Mtoto akatoka, na Koko akabaki mzima. Kwa desturi yao mtu aliyekutoa kwenye kifo unampa mtoto jina lake, hana haja ya kuwa wa kabila lako. Akamuuliza anaitwa nani, akamwambia, likawa hilo. Na si yeye peke yake. Wanawake wengine wa pale walifanya hivyo hivyo, ndiyo maana Mwenga kuna wengi. Kisha wakubwa wake muganga wakamhamisha, akaenda mbele, njia ya Shabunda.

"Na kabla ya Mwenga?" akauliza Prof. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Koko alisema muganga mwenyewe alimwambia alikotoka: kwanza alikaa Lwiro, halafu Miti, halafu Mumosho, na huko pia wanawake walikuwa wanampa hiyo heshima mpaka anaona haya. Kwao kwa kuzaliwa hakukutaja, na mtoto wake mwenyewe hakuwa naye.

"Ukisikia iyo jina pahali," Koko akasema, "ujue pale mwanamuke moya alikuwa karibu kufa na hakukufa."

Nilimuuliza kwa nini hawakusema miaka yote hiyo. Akaniangalia kama mtu anayeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nani alituuliza? Munaulizaka banaume. Banaume banakuwaka inje, mutoto akizaliwa."

Ilikuwa kweli. Prof alisoma kuta za shule zote, alihoji mapadri, machifu, wajane wa kiume, walevi wa njiani. Hakuwahi kumuuliza hata mama mmoja. Sasa aliinama juu ya ramani na kuanza kusoma maandishi yake mwenyewe, kwa sauti, taratibu, akiweka kidole kwenye kila fungu la nukta. Lwiro, karibu na dispansari. Miti, karibu na dispansari. Mumosho. Mwenga. Alipomaliza alianza tena kutoka juu. Wale wazee wa babu na mbwa walikuwa wanaangalia miti.

Nikacheka. Nililia pia, lakini kicheko kilitangulia. Nikaketi chini kwenye maganda ya karanga, na mchumba wangu akaketi karibu nami, tukashikana mikono mbele ya watu wote, na hakuna aliyetukataza. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba lile jina kama mtungi uliojaa. Nililala usingizi wa kweli siku ile, mchana wa saa tisa, kwenye mkeka wa watu.

Nilipoamka nilimkuta Prof bado uani. Koko akamuuliza Prof mama yake alimzalia wapi. Alijibu: Lwiro, dispansari. Baba yake hakuwa na jina hilo, jambo ambalo siku zote alilieleza kwa kusema jina liliruka kutoka kwa babu. Koko akatikisa kichwa, akampa karanga kwenye kiganja. Nilijiona mwenye furaha na mwenye aibu kwa pamoja, kwa sababu kile kilichonifungua mimi kilikuwa kimemwachisha yeye watu wote aliowahesabu maisha yake yote.

Tuliporudi alitaka ushahidi wa upande wangu pia, hakuacha ualimu wake. Tulikwenda Mumosho kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, tonton akafuatana nasi ili asidanganywe. Shangazi alisema ndiyo, la muganga, baba yako alitanguliza miguu na bibi yako akaponea chupuchupu. Tonton akajaribu kuuliza, kwa kuzunguka zunguka, kama huyo muganga hakuwa labda na sababu nyingine ya kupewa heshima zile. Shangazi alimkazia macho. Alimkazia mpaka tonton akaanza kuchunguza viatu vyake, na hatukusikia tena swali hilo.

Familia zilikutana mara ya pili. Prof aliomba kusema kabla ya msemaji. Alisimama na koti lake, mikono mitupu, ramani aliiacha nyumbani. Nilijua alivyo, nikajiandaa kusikia namna ya Ruzizi, kwamba sasa tunaona kile alichosema tangu mwanzo.

"Nilikosea," akasema. "Miaka yote nilikosea. Hawa batoto habana damu moya." Akafunga kifungo cha koti. "Na miye siko ndugu yabo."

Aliketi. Tonton akakohoa, akauliza mbuzi watafika lini, na kicheko kikalipuka pande zote mbili, kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Siku ile walikula. Sufuria zilirudi jikoni tupu, na mama aliimba akiziosha.

Tulioana, tukahamia mtaa wa Panzi. Prof alikuja kanisani, akanipa mkono, aliniita kwa jina langu la ubatizo. Hakuniita dada. Nilisikia kutoka kwa mama kwamba redio yake haisikiki tena asubuhi na kwamba ukuta wake hauna kitu. Nilisema nitakwenda kumwona. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na mvua, kulikuwa na nguo za shule za kushona, na ukweli ni kwamba niliogopa kumkuta ameketi mbele ya ukuta mtupu kwa ajili yangu. Hivi ikapita karibu miezi minane.

Jumapili moja baada ya misa, mume wangu alikuwa amefungua mashine yangu yote juu ya meza, nami nilikuwa nakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikasikia mtu anasafisha koo mlangoni. Alikuwa Prof, na mwavuli, amechoka kwa kupanda, koti limemlegea mabegani. Kutoka Kadutu mpaka kwetu si karibu kwa miguu ya mzee. Nilishtuka. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna aliyefariki, maana yeye hakuwahi kwenda kwa mtu bila jina, bila kilio, bila habari ya ukoo ya kuuliza au kutoa.

"Prof, kuna nini?"

Alisema amesimama pale kona kwa muda mrefu, akitafuta la kuniambia nikimuuliza hivyo, na hakulipata. Aliangalia mwavuli wake.

"Hakuna kitu," akasema. "Ninakuya tu."

Mume wangu alikwisha kusogeza vyuma kutoka kwenye kiti. Niliongeza sambaza kwenye mafuta, nikamwambia aingie, chakula kinaiva.